Giya Zinazogoma Asubuhi

Alhamisi, kipupwe, 1970.

Asubuhi ilikuwa na baridi ya kumrudisha mtu kitandani, na kusi ilipenya mpaka ndani ya vichochoro vya Mkunazini. Nimeamka na hasira. Naziandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunambia nitulie.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, anakuja mtu kuitazama baiskeli yangu. Kaka Haji ndiye aliyemwita. Tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na ameshatoa hukumu yake: kwa kuwa inanikwamisha njiani kila mara, iuzwe, na mimi nikae nyumbani, kwani nani kanilazimisha kusomesha watoto Mwanakwerekwe? Gari la abiria la asubuhi huja likitaka. Bila ya baiskeli sina kazi, na yeye analijua hilo vizuri sana.

Na baiskeli si yake.

Niliinunua kwa mshahara wangu, kwa majirani zetu wa Kihindi walipokuwa wakifunga mizigo kuhama. Ni ya kike, nyeusi, ina giya tatu, na zote zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Unachokiona ni waya tu unaotoka kwenye mpini, na kimnyororo chembamba kinachoingia katikati ya gurudumu. Kusi ikinipiga usoni natia ya kwanza. Njia ikiwa nyepesi natia ya tatu, na hapo hata Kaka Haji simkumbuki.

Basi tangu baridi ianze, imeingia wazimu. Natoka nyumbani, natia ya pili, mara pedeli zinazunguka bure kama nakoroga uji, na gurudumu halina habari. Jumatatu ilinifanyia hivyo Mnazi Mmoja, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kahawa. Mmoja akasema baiskeli haitaki buibui. Nikashuka, nikaisukuma mpaka skuli. Mwalimu mkuu alinitazama, akaitazama saa yake. Afadhali angenifokea.

Fundi wa Darajani alisema waya umelegea. Akaukaza, akaipanda, akazunguka nayo, ikaenda vizuri. Ilikuwa mchana. Asubuhi yake, yale yale. Nikarudi kwake, akasema sasa waya umekaza mno, akaulegeza. Akazunguka nayo tena, ikaenda. Akanambia kwa upole kabisa kwamba labda ni mguu wangu.

Mguu wangu!

Leo pia imegoma, na leo pia nimeisukuma. Lakini saa ya kurudi, baada ya kushinda juani kwenye uwanja wa skuli, nikaipanda imetulia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja inakamata. Nikashuka nikasimama kando ya barabara, watu wananipita. Waya mbovu ungekuwa mbovu kutwa. Mguu ni huu huu, asubuhi na mchana. Kinachobadilika ni nini? Nikafikiri mpaka nikaona ni kimoja tu, joto.

Nilipofika nyumbani niliipindua uani, magurudumu juu. Kwenye kitovu kuna kitundu chenye kifuniko, cha kutilia mafuta. Nikakifungua, nikakiinamia, nikakutana na harufu ya nywele zangu mwenyewe.

Mafuta ya nazi.

Nani asiyeyajua mafuta ya nazi wakati wa kipupwe? Leo alfajiri nilitaka kupaka nywele, nikakuta yameganda chupani, meupe kama samli. Ndani ya kitovu kuna vimeno vidogo vinavyotakiwa kuinuka vikamate. Mafuta yakiganda, navyo vinalala. Jua likipanda yanayeyuka, vinaamka. Lakini sikuyatia mimi. Mimi hutia ya cherehani, na siku hizi hayaonekani madukani.

Nakiri, wa kwanza kumdhania alikuwa Kaka Haji. Wa pili, mama. Kila asubuhi nikipanda baiskeli mama hugeuza uso, anasema Mungu akulinde, kama nakwenda vitani. Siku zote nimeamini yuko upande wa mwanawe wa kiume. Nikaingia jikoni nimefura. Alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamuuliza kama ameigusa baiskeli yangu. Hata mkono hakuusimamisha.

"Nlitia mie," akasema. "Kila Ijumaa, ukiwa unaoga. Nliisikia inalia, na mafuta yake hayapatikani. Nikasema mwanangu asije akachelewa."

Nilikaa kitako pale pale sakafuni. Nilikuwa nimekuja kugombana. Nimeishi nyumba moja na mama huyu maisha yangu yote na sikumjua.

Nilipomweleza ya kuganda, alijipiga paji la uso, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akataka ushahidi. Tukakimwagia kitovu maji baridi ya kisimani, ndoo baada ya ndoo, mpaka pedeli zikaanza kuzunguka bure. Ndipo tukatia mafuta ya taa, tukalizungusha gurudumu, tukayamwaga, tukarudia mpaka yakatoka safi. Jirani yetu mshonaji akanigaia mafuta kidogo ya cherehani yake. Tukakimwagia tena kitovu maji ya kisima. Giya zote tatu zikakamata.

Kaka Haji alitukuta hapo, mama mikono yote inanuka mafuta ya taa. Akauliza ni vituko gani hivi. Nilishajitayarisha kusema ni mimi niliyetia nazi, nimsitiri mama, ingawa nilijua angenijibu: umeona, hujui kuitunza. Mama hakuningoja.

"Alotia nazi ni mie," akamwambia. "Kama kuna wa kuuzwa humu ndani, niuze mie."

Kaka Haji alisimama. Akanitazama mimi, akamtazama mama, akakosa pa kuyaweka macho yake. Mama akamwambia pia amwendee yule mtu wake usiku huu huu, amwambie asijisumbue, maana mwenye baiskeli kesho atakuwa kazini. Akaitikia naam kwa sauti ndogo, akavaa kofia yake, akatoka.

Kesho nitatoka mapema kuliko kawaida, nipite Mnazi Mmoja kahawa ikiwa bado moto, nitie giya ya tatu mbele yao. Na namwomba Mungu baridi iwe kali zaidi ya leo.