Mikokoni Mtu Haitwi Jina

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Kiongoroni
Leo nimeitwa. Saa nne asubuhi, maji yametoka, mie na Mtoro mkata boriti tumo matopeni. Natia chapa boriti zake kwa nyundo ya serikali, ndiyo kazi yangu ya uaskari wa misitu. Mara, "Kondo!" Wazi kabisa. Sauti ya mwanamume, nyuma ya mikandaa.

Mikokoni mtu haitwi jina. Kila mwenyeji wa huku analijua hilo tangu utotoni. Mwenzio yuko mbali, mpigie ukelele, "Huu!", naye aitike vivyo hivyo. Ukilitaja jina, wasio watu wakalishika, shauri yako. Sasa huyu nani asiye na adabu?

Nikamwuliza Mtoro. Kasema hakusikia kitu. Akanikazia macho, kisha akaniambia nisiitike. Na hilo nimeliweka akilini. Kama hakusikia, ameogopa nini?

Alhamisi, 5 Agosti
Tena. Safari hii ni wawili, na hawaniiti tu — wananisema. Ati, "Anainua nyundo. Anapiga. Mwone, anajifanya hasikii." Nikikaa wanasema anakaa. Nikikohoa, anakohoa. Nimekizunguka kichaka kile mara mbili, matope magotini. Hakuna nyayo hata moja. Basi wamo juu ya miti, au kwenye mtumbwi.

Mtoro na watu wake hunyamaza nikiwakaribia. Zamani wakinitania, "Bwana Nyundo kaja, ficheni vichwa." Siku hizi hakuna utani. Mtu aliyekoma kukutania ana lake jambo.

Boriti kumi na moja sikuzitia chapa. Zilipangwa vichwa vimenielekea mie. Hazikujipanga zenyewe.

Jumamosi, 7 Agosti. Nyamisati
Niko nyumbani. Mtoro kanileta kwa mtumbwi wake, sikumwomba. Kufika tu, kaenda uani kuzungumza na mke wangu, chini chini. Waliponiona wakaanza habari za kamba wa mwaka huu. Mke wangu Sikudhani hajui kusema uongo. Akisema uongo hushika upindo wa kanga. Leo kaushika mpaka basi.

Jumatatu, 9 Agosti
Maalim Sadala kaletwa. Ati nimemwitikia shetani wa mikokoni. Sikuitika! Hata mara moja! Nimemwambia, hakunisikiliza, kwa kuwa hukumu alikuja nayo kutoka kwake.

Kaniandikia kombe. Aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, ninywe siku saba. Mie nimekaa chuoni, aya zile nazijua. Lakini pembeni mwa sahani palikuwa na mstari sikuuelewa, na aliponiona nautazama akaupitisha kidole ukafutika. Nimekunywa leo kwa heshima ya mvi zake. Kesho namwagia mgomba.

Wale wawili wamenifuata. Shetani wa mikokoni anajuaje njia ya nyumbani kwangu? Hawa ni watu. Na kuna aliyewaonyesha njia.

Jumatano, 11 Agosti
Nimevunja mtungi. Naandika mwenyewe maana watu watasema vingine.

Sauti ilikuwa inatoka mtungini. Nikachukua nyundo nikaupiga. Binti yetu Siti, miaka miwili, alikaa kando yake anachezea kata. Kigae kimemkata kwenye paji la uso. Kidogo. Kidogo tu. Sikumwona, wallahi sikumwona. Alinitazama kwanza, hakulia. Halafu akalia.

Sikudhani hakunitukana. Alimfunga mgongoni, akachukua nyundo, akatoka.

Ijumaa, 13 Agosti
Karudi peke yake. Mtoto yuko Dimani kwa bibi yake. Nimemwuliza arudi lini. Kasema, "Ukipona, Baba Siti."

Kwani nani anaumwa? Nikamwambia amenunuliwa, aseme na nani. Hakukasirika. Mwanamke yule ana ulimi, nikichelewa tu sokoni nasikia habari yangu, leo namwita msaliti ananyamaza! Hilo ndilo lililonitisha.

Kapika wali kwa kamba. Nikamwambia aanze yeye. Kala. Nikamwambia ale na upande wangu wa sinia. Kala na upande wangu, machozi yanamtoka, huku anatafuna. Nikaona yu mzima, na bado sikula. Njaa inauma sana.

Jumapili, 15 Agosti
Kaja dresa wa zahanati ya Kibiti, jina lake Zaidi, binamu yake Sikudhani. Kumbe ndiye aliyetumiwa salamu. Nilimkaribisha ili nimchunguze.

Hakusoma dua wala hakucheka. Kaniuliza, sauti ni ngapi? Zinasema nawe au zinakusema? Zinakuamrisha? Hajapata mtu kuniuliza hivyo. Mtoro kaniogopa, Maalim kanihukumu, huyu kauliza kama anayeuliza homa ilianza lini.

Kasema kafanya kazi Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Kawaona huko makarani, walimu, hata askari waliopigana Burma. Kasema ni maradhi kama maradhi mengine, ila haya yana uongo. Yanachukua fikira zako mwenyewe, yanazifanya uzisikie kama sauti ya mtu mwingine, kisha yanakutafutia adui, na adui wa karibu ni yule anayekupikia. Nikamwuliza, dawa ipo? Kasema wengine hutulia, wengine hawatulii, na yeye hawezi kuniahidi. Mwongo angeniahidi.

Akaniachia jaribio. Nizibe masikio kwa sufi, mke wangu atwange. Sauti ya nje lazima ipungue.

Jumatatu, 16 Agosti
Nimejaribu. Sufi masikio yote mawili, kilemba juu yake. Sikudhani akatwanga. Kinu kikawa mbali, kama kinatwangwa ng'ambo. Wale wawili hawakusogea hata shubiri.

Sufi ni ya Zaidi, nikaitilia shaka. Nikapasua mto wangu, nikatoa yangu. Vilevile. Mara tano nimerudia, Sikudhani anatwanga kinu kitupu, mikono imemchubuka, hajauliza kwa nini. Mara ya sita wakasema, "Sasa amejua."

Ninaogopa. Adui wa nje nitampiga. Huyu nitampigia wapi?

Jumatano, 18 Agosti. Kibiti
Daktari wa Kizungu anapita leo na lori lake. Tumetembea siku mbili na barua ya Zaidi. Nimevaa kaki yangu, vifungo vyote, viatu nimevipangusa. Sikudhani kabeba mzigo wote. Hajalala tangu mtungi. Kanga matope mpaka magotini, nywele zimemtoka nje ya mtandio, midomo inamtikisika — anasoma dua.

Tumo barazani pa zahanati, kwenye benchi. Zaidi kaniambia asubuhi: nikitamka mwenyewe kwamba ni mgonjwa, nitapelekwa Dodoma kama mtu anayetafuta tiba. Nikikataa, wataniacha mpaka nimuumize mtu, na siku hiyo nitakwenda na pingu. Lini nitarudi, hajui. Zaidi kamkanya Sikudhani asinisemee. Lazima litoke kinywani mwangu.

Nimemwambia sawa. Wakati ule nilikuwa na hakika. Sasa namtazama Zaidi kule dirishani anavyoongea na dereva wa lori, na najiuliza wanacheka nini.

Karani mgeni katoka na karatasi. Katutazama. Kaniona mie, kaki, kitabu, kalamu. Kamwona Sikudhani. Kisha kaniuliza mie, kwa heshima, "Bwana askari, mgonjwa wako ndiye huyu?"

Sikudhani hajajibu. Hajanitazama. Anaitazama mikono yake.

Wale wawili kwa pamoja: sema ndiye. Sema ndiye, urudi kwako, akapikie watu huko Dodoma. Na lingeaminika. Neno moja tu! Nani atamsikiliza mwanamke wa matopeni mbele ya mtu wa serikali?

Nimemwambia karani angoje, namaliza mstari.

Hakungoja. Amemwashiria Sikudhani aingie. Sikudhani amesimama. Ameacha mzigo miguuni pangu na anakwenda mlangoni, na mie bado naandika