Kiraka cha Tumboni mwa Baba

Shoga, nimejificha chooni hospitalini. Baba kaniaibisha.

Si unajua wiki iliyopita walimkata utumbo wakauunga? Leo daktari katueleza kwamba pale kwenye kiungo walibandika utando wa kondo la nyuma, kama kiraka, ili kipone vizuri kisivuje.

Baba kauliza, "Kondo la nani?"

"La mama mmoja aliyejifungua, alijitolea. Jina hatutoi."

Baba kafikiri weee. "Basi mimi na mtoto wake ni ndugu wa tumbo moja."

Nikadhani utani. Mtu aliyegoma kutembea tangu apasuliwe kashuka kitandani, kabeba mfuko wake wa mkojo, huyo, wodi ya wazazi. WODI YA WAZAZI, shoga. Anauliza kitanda kwa kitanda, "Mama, ni wewe uliyenipa kiraka?"

Mmoja kajifungua leo asubuhi, kachoka hajiwezi. Kamwangalia, kasema, "Ndiyo, mzee. Ni mimi."

Baba kalia. Kapakata kitoto, kaniita. "Njoo umwamkie baba yako mdogo."

Wodi nzima inanitazama.

Shoga, nimekipa shikamoo.