Kitasa cha Ghala na Fundi Niliyemkataa

Kakamega,
Jumapili, 9 Februari 1964

Baba yangu mpendwa,

Nitakueleza yote, hata yatakayokuudhi, kwa sababu Baba Mdogo naye atakuandikia, na nataka uyasikie kwangu kwanza.

Mulembe kwako, kwa Mama na kwa bibi yangu Kukhu. Kifua cha Kukhu kimepoa? Mimi ni mzima. Tunakula obusuma, ugali ule ule, na maharagwe kila siku, na katika hesabu nimekuwa wa pili.

Kitasa ulichoking'oa mlangoni mwa ghala ukanipa kilifika salama. Jumamosi ya tarehe mosi nilipata ruhusa ya kwenda mjini, nikampata Baba Mdogo kama ulivyoagiza, naye akanipeleka kwa fundi wake karibu na soko. Ukutani mwa fundi huyo zimetundikwa funguo nyingi, kila mmoja na karatasi yenye jina. Nilidhani wenyewe hawajaja kuzichukua. Nikamuuliza.

"Hapana, binti. Kila nikichonga ufunguo wa mtu, nachonganga na mwingine wa kuweka hapa. Akipoteza wake, anakuja tu. Hata wa karani mkubwa uko hapo, ona."

"Na karani anajua?"

"Ajue ya nini? Siku akipoteza atafurahi."

Baba Mdogo akacheka. "Unaona? Huyu ndiye anatengenezeanga wakubwa wote wa mji huu."

Baba, mimi sikucheka. Magunia yetu yanapungua na mlango haujavunjwa, nawe ulisema ni kwa sababu yule Mzungu aliyekuwa na shamba kabla yetu aligawa funguo kwa wanyapara wake, na hakuna ajuaye zilikokwenda. Sasa tubadilishe kitasa ndani, halafu ufunguo mpya ukae sokoni na jina lako juu yake? Nilikichukua kitasa mezani, nikakiviringisha tena katika gunia lake.

"Weka chini," Baba Mdogo akasema. "Ulitumwa kwangu, hukutumwa kuchagua mafundi. Tangu lini msichana wa shule anajua vitasa?"

"Vitasa sivijui, Baba Mdogo. Lakini mahindi yaliyomo ghalani niliyapalilia."

"Ni hii Uhuru imewaingia kichwani."

"Mwache, bwana," fundi akasema. "Huko kwingine watamsumbua, atarudi."

Kusumbuliwa nilisumbuliwa kweli. Mpishi wetu wa shule, mama wa Mumias, alinielekeza kwa Mzee Saidi, anayetengeneza vitasa barazani kwake karibu na msikiti. Nilikwenda jana. Aliitikia shikamoo yangu, akakigeuzageuza kitasa, akauliza mlango uko wapi. Nikasema uko Lugari.

"Basi una kitasa bila mlango. Mwizi naye huja na kitasa bila mlango."

Nikamwambia mimi si mwizi, ni mwanafunzi.

"Wezi nao husoma," akasema, akanirudishia.

Hatagusa kitu mpaka aone barua kwa mkono wa mwenye mlango, inayosema mlango ni wake, anataka funguo ngapi, na kila mmoja utakaa na nani. Ikifika, atafanya kazi nikiwa nimeketi mbele yake, na ufunguo wowote utakaoharibika ataukata vipande nikiona. Nilimuuliza kama yeye hubaki na mmoja.

"Nyumba yangu ni ndogo, binti. Haina nafasi ya milango ya watu."

Niliona haya kwa kwenda bila barua yako. Lakini nilirudi shuleni nikijua kwamba fundi tumempata.

Leo baada ya ibada Baba Mdogo alikuja shuleni. Anasema nimemwaibisha, kitasa kirudi kwa fundi wake, na funguo ziwe tatu, wa tatu uwe wake kwa kuwa ni ndugu yako. Nilimjibu kwa heshima kwamba sitakitoa mpaka nisome maneno yako mwenyewe. Akasema sina adabu. Ukiona ni kweli, utaniadhibu nitakapokuja likizo. Lakini mahindi hayo ni mavuno yetu ya kwanza katika ardhi yetu, na kitasa kimo sandukuni mwangu, na ufunguo wa sanduku nimeuvaa shingoni.

Nisalimie dada yangu Marita na mtoto wake mchanga, shemeji anayekata miwa Butali, na jirani aliyetuazima plau. Mwambie Mama avumilie kidogo zile mbao ulizopigilia mlangoni. Najua ni yeye anayezing'oa na kuzirudisha kila akitaka mahindi ya kusaga.

Tafadhali nijibu kwa basi la kwanza. Mzee Saidi nimemwambia funguo ni mbili tu. Wa kwanza ni wako. Huo wa pili, Baba, utaandika jina la Mama?

Ni mimi binti yako akuheshimuye,
Trufena