Muchezo wa Mwami Mugonjwa

Ibanda, Bukavu

Furaha, mujukuu wangu,

Nakusalimia sana. Huku tuko salama. Maman yako iko Nyantende, anavuna maharagwe.

Unaniuliza kama uache kundi yenu ya teatre kule Kinshasa, kwa sababu walikupa kucheza mupishi, na muchezo unaitwa jina la mwami, ule mufalme. Sikia. Nilipokuwa na miaka kama yako, kwenye shule ya masista kule Katana, tulicheza "Mwami Mugonjwa". Nilipigana mpaka wakanipa kuwa mwami. Kumbe mwami analala kwenye mukeka toka mwanzo mpaka mwisho! Rafiki yangu Nabintu, mutumishi wake, ndiye alitafuta dawa, akabishana na waganga, akachekesha watu mpaka machozi.

Kisha sista akaniita: "Mwami, simama, watu wakupigie makofi!"

Nikakataa. Nikasema kwa sauti: "Mumupigie Nabintu. Mimi nililala tu."

Sista alikasirika, akanipa azabu ya kufagia kanisa juma nzima. Nilifagia nikiimba.

Basi usiache, shika mwiko yako. Mutu akiuliza mwami ni nani, umuonyeshe kwa kidole: ni ule pale, analala.

Koko yako