Fundi Sofa Aliyeacha Kugonga Nyundo

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha shemeji kimepungua, au bado anakataa dawa? Huku sisi wazima. Cherehani zinalia kutwa, na mimi nimenenepa kidogo, utaona mwenyewe.

Barua yako niliipata. Unasema yule mkandarasi aliyefiwa na mke anataka jibu langu, na kwamba hizi riwaya zimeniharibu akili hadi nimefika umri huu sina mume, nangoja mwana wa mfalme. Jibu nitakupa. Nivumilie kwanza nizitetee riwaya zangu.

Ni tamu, dada. Ni mapenzi ya enzi za farasi na mishumaa, lakini ukichungulia ndani ni ngano zilezile ulizonisimulia utotoni, zimevalishwa nguo za watu wazima. Hii ya sasa ni ya binti aliyefungiwa mnarani. Najua fika kwamba atatoka, na bado roho inanidunda. Nataka kujua atatokaje, na siku hiyo atakuwa amevaa nini. Humu binti ana ulimi mkali, na bwana anayekuja kumwokoa anaogopa ngazi. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Karakanani kwetu mmoja husoma kwa sauti na wenzake hugawana kazi yake. Msomaji ni mimi. Basi nilipofika kwenye karamu ya ikulu, gauni la binti likielezwa mshono kwa mshono, mkata vitambaa wetu, yule tunayemwita Mkasi, alikuwa anakata sare za wauguzi. Akakata huku masikio yakiwa ikulu, nasi tukashona bila kushtuka. Sare zikatoka na mikono iliyojaa kama puto. Mama mwenye karakana alizitazama, akavua miwani, akapiga marufuku kusoma.

Kesho yake akaingia fundi sofa wa chumba cha jirani, nyundo mkononi, akauliza kama msomaji anaumwa. Kumbe muda wote alikuwa akiacha kugonga kila nikianza kusoma, na sisi tulikuwa tukimwita mvivu. Alipoelezwa, akaomba azifumue zile sare yeye, mradi nirudishiwe kitabu changu. Mama akamsukumia rundo la sare, akanirudishia kitabu. Jamaa akakaa katikati yetu, akafumua mkono mmoja baada ya mwingine kwa vile vidole vyake vinene, bila kuchana kitambaa, nami nikasoma. Yule bwana alipokwama katikati ya ngazi, fundi sofa akasema kwa huruma kwamba hata yeye asingepanda.

Tangu hapo huja kila akimaliza kazi. Juzi alibaki nyuma wenzangu walipotoka. Akaniambia, macho chini, kwamba anakoroma, goti lake moja ni bovu na ikulu hana, lakini angependa kunisikiliza nikisoma nyumbani kwake, maisha yetu yote.

Dada, nimeshakubali. Sikukuuliza kwanza, na wewe ndiye uliyenilea, na hilo linaniuma. Lakini sikuwahi kumngoja mwana wa mfalme. Hao nawapenda humo humo kitabuni, na nikifunga kitabu nawaacha wapumzike. Huyu hata nikifunga kitabu bado namfikiria. Nina furaha, dada, furaha ya kweli. Mkandarasi mwambie namshukuru na namtakia heri.

Jumamosi fundi sofa atakuja kwako na mjomba wake kuniposa. Atakuwa anatetemeka, mpe kiti mapema. Nakuomba umkubali. Ukimkataa nitalia sana, na nitaolewa naye huku nalia.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemfundisha kushona