Herufi Tatu za Salimu

Jumapili, Mkonze

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba Yohana alikuwa sahihi.

Safari ya Zambia imekwisha salama. Yule mwenye baa wa Ndola, aliyetukatalia mwaka juzi, safari hii alikubali kutuuzia mashine yake ya gemu. Leo tumeishusha stoo kwa Yohana, Ihumwa, tukaiwasha. Kioo kikaonyesha majina ya washindi. Juu kabisa: SAL.

Salimu wetu wa Busi. Aliicheza mwaka ule wa juzi, palepale baa, wakati sisi tukibembeleza bei. Mwaka jana tulimzika.

Nikalisoma kwa sauti, kama mjinga.  Yohana alifungua mashine kwa nyuma, akamulika tochi.

"Betri inavuja, kaka. Tuitoe, itakula bodi."

Kila mashine tunayoleta, betri ndiyo tunayoitoa kwanza, isije ikala ule ubao wa saketi ndani. Lakini betri hiyohiyo ndiyo inayotunza majina. Ukiitoa, yote yanafutika.

"Koleo ninayo mkononi. Sema basi."

Nikamwambia aniache nicheze kwanza. Nilicheza vizuri kuliko siku zote, kwa hasira tu. Nilipobakiza kidogo kumpita Salimu, vidole vikagoma. Nikasimama nikitazama kindege changu kinalipuliwa.

Yohana akarudia, taratibu, "Itakula bodi."

"Acha iile."

Akazima taa, tukafunga stoo. Sasa nimelala huku Mkonze, Ihumwa iko mbali, na bado naisikia inakula.