Nyongeza Aliyoinunua Mwinshehe

Isevya, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu mpenzi Omari,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Zuwena na watoto mkiwa wazima, na kwamba ule mgongo wako umekuacha upumue. Huku tupo. Mama anakula, anagombana na majirani kama kawaida yake, na miguu imepungua kuvimba. Mvua zimechelewa. Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi za simu. Nimejaribu kukurekodia sauti, lakini kila nikifika katikati mama anakuja kuniuliza nalia nini. Basi nampa Bi Najiat, anayerudi Maskati wiki hii, barua hii pamoja na dumu la asali. Asali wagawie na majirani zako. Barua isome peke yako.

Uliniuliza kama zile nyongeza za gemu zinafaa kununuliwa, maana wanao wanakusumbua na ukataka kujua sisi wenye banda la gemu tumezionaje. Ukauliza tena kwa nini banda limefungwa, ni umeme au nini. Si umeme, kaka. Maswali yako yote mawili jibu lake ni moja, na ni refu, kwa hiyo kaa chini.

Lile gemu la Msafara ulilotuletea pamoja na mashine unalikumbuka. Unatoka pwani na wapagazi wako, unakwenda bara kutafuta pembe, na njiani ni kuua na kuuawa. Vijana walilipenda kupita mpira. Mtu anachomwa mkuki unatokea mgongoni, mpagazi aliyechoka anaachwa fisi wamle huku anaita, kijiji kinachomwa moto na unasikia watoto ndani. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nakusanya hela na kukaanga mihogo, nikasikia vilio hivyo kutwa mpaka nikawa sivisikii tena. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akipita anasema hiyo mashine yenu inanuka damu, nasi tunamcheka.

Kilichowaudhi vijana ni kwamba gemu lenyewe liliishia Mgunda Mkali, lile pori la kabla ya kufika Tabora. Umevuka Ugogo, umewalipa machifu hongo ya njia, umezika nusu ya watu wako, unakuta lango na kufuli. Ukitaka kuendelea mpaka Tabora, nunua nyongeza. Hebu fikiria, watu wa Tabora wanazuiwa kuingia Tabora! Palikuwa na ubishi bandani usiokwisha. Wengine walisema huo ni wizi, kwamba wametengeneza gemu zima kisha wakalikata mkia ili wakuuzie mara ya pili. Wengine wakasema hapana, aliyefanya kazi zaidi alipwe zaidi. Mimi nilikuwa upande wa waliosema ni wizi, nikakataa kutoa hata senti.

Aliyeinunua ni Mwinshehe. Humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni Mzaramo wa Kisarawe, anauza viatu vya mtumba pale sokoni, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuja Tabora kumfuata mke, mke akaondoka, yeye akabaki. Kila jioni akifunga meza yake alikuja kwetu kucheza, na msafara wake alikuwa ameujenga taratibu tangu mwaka jana, kila mpagazi kampa jina. Alikuwa na mpagazi anaitwa kwa jina la mama yake marehemu. Wenzake walipokuwa wanaacha wagonjwa njiani, yeye alikuwa anasimamisha msafara mzima amsubiri mmoja apone.

Mwenzake wa kucheza alikuwa Mhoja, Mnyamwezi wa Igalula, dereva wa bodaboda, kijana mwenye kifua na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Na unajua mambo ya Wanyamwezi na Wazaramo. Tangu babu zao waende pamoja na mizigo kichwani ni watani, na utani wao hauna breki. Mhoja akimkuta Mwinshehe anakula, anavuta sahani. Akimkuta na kofia, anaivaa. Alimwita mtumwa wangu, naye Mwinshehe akamwambia atamzika akiwa hai na kudai ubani. Siku moja Mhoja alibeba viatu vizima kutoka mezani kwa Mwinshehe, akavivaa mwezi mzima, na Mwinshehe hakudai, maana mtani haulizwi. Akiuliza, atachekwa na kuambiwa ameshindwa utani, na kwa watu hao hiyo ni aibu kuliko kuibiwa.

Sasa kuhusu hiyo nyongeza, nitasema ukweli wangu. Ni nzuri. Mwinshehe alipoishusha, akatumia bando lake lote, tulijaa bandani kama harusini. Tuliiona Tabora ya zamani, nyumba za tembe zenye paa bapa, vumbi letu lenyewe. Wametuwekea na mlima mkubwa nyuma ya mji, tukacheka mpaka machozi, tukaulizana nani kauhamisha. Aliyetengeneza kajitahidi. Lakini ndani ya nyongeza kila kitu kimegeuzwa. Mwanzoni wachezaji wawili mlikuwa msafara mmoja, mnasaidiana. Ukishafungua lango, mmoja anaweza kuwa rugaruga, anakaa msituni na magobore na mikuki, kazi yake kuwachinja wale aliotoka nao pwani. Ndicho walichouza, kaka. Rafiki yako uliyenaye tayari, wanakuuzia ruhusa ya kumuua.

Mwinshehe aliinunua ili afikishe watu wake Tabora. Alisema hivyo mbele yetu, kwa sauti yake ile ndogo, kwamba wamechoka sana wale. Kesho yake alichelewa sokoni. Mhoja akawahi, akakaa kwenye kiti, akashika pedi, akaingia kwenye akaunti ya Mwinshehe kwa sababu namba za siri za mtani wake alikuwa anazijua. Akachagua rugaruga. Mwinshehe alipofika, msafara wake ulikuwa unateketea. Mhoja hakuua haraka. Aliwafunga miti shingoni akawatoa mmoja mmoja, na jina la kila mmoja alilisoma kwa sauti ya padri wa mazishini kabla ya kumkata. Banda lilivunjika kwa kicheko. Alipofika kwenye jina la yule mama alisimama, akamgeukia Mwinshehe, akamuuliza mkwe wangu huyu tumkate wapi. Kisha akamkata miguu kwanza, akamwacha atambae. Halafu akafuta kumbukumbu yote, msafara wa mwaka mzima ukawa haupo.

Mwinshehe alicheka. Nilimwona, alicheka na wenzake, akapiga makofi. Mhoja akamwambia kesho naingia tena, hii nyongeza nimeirithi. Mwinshehe akasema atamkata shingo, wote tukacheka zaidi, kisha akatoka kwa mlango wa uani. Watu walirudi kutazama runinga.

Aliporudi alikuwa na panga. Sabiri, yule kinyozi jirani yetu, ndiye wa kwanza kumwona, akapiga mluzi, akasema mtani leo kaja kamili. Watu wakashangilia. Wengine wakaanza kuimba wimbo wa mazishi wa kitani, ule wa kudai ubani. Mhoja alipoona hivyo akainuka kwenye kiti, akapiga magoti katikati ya banda, akanyoosha shingo kama mbuzi wa Idi, akasema, "Kata basi, mtani, usinicheleweshe." Na hakuna mtu aliyeshika mkono wa Mwinshehe, kaka, hakuna hata mmoja. Watu wazima wamejaa, wanaume wenye nguvu zao, wote wanacheka. Laiti angekuwa Msukuma au Muha au Mmanyema mwenzetu, mtu asiye mtani wake, angerukiwa pale pale mlangoni.

Pigo la kwanza halikutua sawa, lilimwingia begani. Mhoja alikuwa bado anacheka. Nadhani mwili ulikuwa haujamwambia. La pili lilimkata kati ya shingo na sikio, na damu iliruka ikafika kwenye kioo cha runinga, na hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mhoja alishika shingo yake kwa mikono miwili akamtazama Mwinshehe kama mtu anayeuliza kitu. Mwinshehe akapiga la tatu, likamkata vidole. Ndipo wakamrukia. Walimpiga kwa viti, kwa mateke, kwa ile nondo ya kufungia mlango, wakamvunja taya na mkono, na wangemmaliza kama polisi wa doria wasingekuwa karibu. Mimi nilikuwa nimekaa chini, kichwa cha Mhoja mapajani, nimebana kile kidonda kwa kanga, na damu inapita katikati ya vidole vyangu ya moto kama chai. Alifia njiani kwenda hospitali. Kiatu chake kimoja kilibaki bandani, kati ya vile alivyobeba mezani kwa Mwinshehe.

Tulimzika Igalula. Unajua mazishi ya Mnyamwezi yanavyokuwa watani wakifika. Wanalala kaburini, wanaigiza sauti ya marehemu, wanazuia jeneza mpaka walipwe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Wazaramo wachache wa mjini walikuja, hawakuwa waoga. Lakini walisimama mbali kwenye mahindi, hakuna aliyesogea. Kaburi lilichimbwa kimya. Mama yake Mhoja, Bi Recheli, mzee wa kanisani, hakulia tangu tufike. Jeneza lilipotaka kushushwa aliinuka, akawatazama wale Wazaramo, akasema, "Watani zangu, mbona mmeniacha? Njooni mnizikie mtoto." Mmoja wao, mwanamume mtu mzima, alikaa chini akafunika uso kwa shati. Udongo ukaanza kumwagwa, na ile sauti ya udongo bila utani sitaisahau.

Sasa nifike pale palipoifanya barua hii iandikwe.

Mwinshehe ameshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Polisi wanasema, na watu wote wa bandani wameandikisha hivyo, kwamba alitoka, akaenda kwake kuchukua panga, akarudi nalo. Mtu aliyekwenda nyumbani kufuata silaha amepanga, na aliyepanga ananyongwa au anaozea ndani. Walipomuuliza panga ni la nani alisema ni lake.

Kaka, lile panga ni letu. Ni lile la kuchanjia kuni za mihogo. Mwinshehe hakwenda popote. Alipotoka kwa mlango wa uani nami nilitoka nyuma yake kuchanja kuni, na yeye alikwenda kwenye ndoo akanawa uso, akanawa tena, akanawa tena, na nikaona kwamba haoshi jasho. Alikuwa analia. Mwanamume mzima analia bila sauti. Nilimwona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Ningeweza kumwambia kaa hapa kwenye kigoda, nikupe chai. Ningeweza kuingia ndani nimfukuze Mhoja, banda ni letu. Lakini niliona haya kwa niaba yake, na niliogopa kuwaharibia wateja furaha, siku ilikuwa nzuri na mihogo inauzika. Basi nikafanya kile tunachofanya wote. Nikamgeuzia panga, mpini upande wake, nikamwambia, "Nenda kamkate mtani wako, akome." Nikacheka. Alilitazama kwanza. Hakunyoosha mkono, kaka, mimi ndiye niliyemwekea kiganjani.

Juzi nilimpelekea chakula mahabusu. Taya bado limefungwa, anaongea kwa meno. Nilianza kusema ninachotaka kusema, akanikatiza, akaniambia nina mama mgonjwa wa kumwangalia, ninyamaze. Nikamwambia si kweli kwamba lilikuwa lake. Akasema, "Dada Tatu, wewe ulikuwa unatania tu."

Alinisamehe kwa neno lile lile lililomuua Mhoja. Nimeshindwa kulala nalo.

Kesho asubuhi nakwenda polisi kuandikisha. Nitasema panga lilitoka mkononi mwangu na kwamba yeye hakulifuata. Nitasema pia kwamba nilimwona analia, maana hilo ndilo kosa langu, na hilo hakuna atakayeniandikia nisipolisema mwenyewe. Wakili mmoja wa hapa ameniambia huenda likampunguzia Mwinshehe, na huenda wakanishika mimi. Sijamwambia mama. Naogopa, kaka, naogopa sana. Bi Recheli naye nitamwendea Igalula nikiachwa huru, nimwambie kwa mdomo wangu.

Ikiwa siku zitapita husikii simu yangu, mpigie Sabiri, ndiye nitakayemwachia funguo na dawa za mama. Mama anywe za presha baada ya kula, si kabla, na Sabiri asimkubalie anaposema amekwisha kunywa. Nisalimie wifi na watoto, uwabusu mmoja mmoja kwa ajili ya shangazi yao. Mungu akutunze huko uliko, nasi atutazame huku. Usinijibu kwa hasira. Ukiweza, nijibu tu.

Ni mimi mdogo wako,
Tatu